Kisanduku cha Thelathini na Mbili: Maneno ya Kumuaga Muuguzi Mukagasana

Mheshimiwa Konseye, diwani wa sekta yetu, Daktari Jean-Berchmans, mkuu wa kituo cha afya, Mwalimu Ntare, mkuu wa shule yangu, uliyeketi mahali ambapo huwezi kukosa kuniona, masheikh, mapadri na wachungaji, mlioketi mstari mmoja bila kusukumana, wauguzi wote, wagonjwa mliopona, mnaoendelea kupona, na ninyi mliokuja kwa ajili ya Fanta na mishikaki ya brosheti, baba yangu mzazi, fundi Sudi Kagabo, na wewe uliyetukusanya hapa bila kupenda, Mama Mukagasana: asalaam aleikum, muraho, na bonjour kwa wale ambao hawajaitika hizo mbili za kwanza.

Ndugu wageni waalikwa, kamati ya sherehe ilitaka mtu mmoja azungumze kwa niaba ya familia za wagonjwa. Baba yangu alijitolea kabla swali halijaisha. Kamati ikakumbuka kwamba kwenye arusi ya binamu yangu alipewa dakika tano na pilau ikapoa. Ikakumbuka pia kwamba ana kovu, na kwamba tangu mwaka jana hajapata kusimulia habari za kovu hilo bila kulionyesha, nalo liko mahali ambapo masheikh na mapadri wasingejua watazame wapi. Wakaniteua mimi. Sababu waliyonipa ni kwamba naandika vizuri. Sababu waliyopeana wao kwa wao, mimi nikiwa nyuma ya mlango, ni kwamba naona haya sana, na mtu mwenye haya hamalizi ukurasa mmoja.

Nina kurasa sita.

Kwa wasionijua, na ni wengi, maana huwa napita njiani nimeinamia kitabu, naitwa Mugeni. Nasoma mwaka wa tano wa sekondari. Nimesikiliza kwa makini hotuba nne zilizonitangulia. Zote zimesema kwamba Mama Mukagasana anahamia zahanati ya Gatsata. Mzungumzaji mmoja amesema ameitwa na majukumu mapya. Mwingine amesema Gatsata imebahatika. Majukumu hayo mapya ni kuchanja watoto wachanga, kazi njema kabisa, lakini ni kazi ambayo wauguzi wa mwaka wa kwanza hupewa ili wazoee kelele. Huyu ameshona watu wa Nyamirambo kwa miaka ishirini na miwili. Na utafiti mkubwa unaokuja, ule wa visanduku mia sita, ambao aliahidiwa kuwa mkuu wa wauguzi wake, amepewa mtu mwingine.

Kwa nini? Kila aliye katika ukumbi huu anajua kwa nini, kuanzia meza kuu hadi wale walioning'inia dirishani. Kuna barua ya onyo katika faili lake. Barua inasema kwamba alivunja masharti ya utafiti. Hotuba nne zimepita na hakuna aliyeitaja barua hiyo, na mimi nimekaa pale nikishangaa jinsi watu wazima wanavyoweza kulizunguka jambo bila hata kulikanyaga vidole.

Mimi nitaitaja. Lakini niruhusuni nianze mwanzo, kwa sababu mwalimu wetu wa fizikia hakubali jibu lisiloonyesha hatua.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa pili mwaka jana Daktari Jean-Berchmans alituita katika ukumbi huu huu. Alikuja na katoni iliyotoka Ulaya, ndani yake visanduku sitini vyeupe, kila kimoja na namba yake, moja mpaka sitini. Akatueleza kwamba mtu akiumia vibaya, akagongwa na gari au akakatwa na kitu, mara nyingi hauawi na jeraha lenyewe bali na damu inayokataa kuganda. Akasema kuna dawa inayodhaniwa kusaidia damu igande, na kwamba kituo chetu kimechaguliwa kuipima. Tukapiga makofi. Kisha akasema kwamba nusu ya visanduku vina dawa na nusu vina maji ya chumvi, vyote vinafanana, wala yeye mwenyewe hajui kipi ni kipi. Makofi yakaisha.

Ndugu yetu Gatera, kinyozi, ambaye naona leo amekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kutoka, alisimama. Nilikuwa na daftari, kwa hiyo ninayo maneno yake.

"Dogiteri, yaani sisi tunamwaga damu, na wewe unatupa maji ya chumvi?"

"Nusu yenu."

"Na hiyo maji iko inatoka wapi?"

"Ulaya."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege, ndiyo."

"Yewe, chumvi iko hapo sokoni."

Watu walicheka mpaka Daktari akavua miwani. Lakini alisubiri, halafu akajibu. Alisema kila aliyeumia atafanyiwa yote tuliyoyazoea: atakandamizwa jeraha, atashonwa, ataongezewa damu ikipatikana. Kisanduku ni nyongeza juu ya hayo. Gatera akauliza, basi kama dawa inasaidia, kwa nini wasipewe wote? Daktari akasema, "Kwa sababu hatujui kama inasaidia. Huenda haifanyi kitu. Huenda inadhuru." Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba amezeeka hajawahi kusikia daktari akisema "hatujui" mbele ya watu. Mimi pia sikuwahi. Siku ile niliamua ninachotaka kusomea, na sijabadili nia, ingawa baada ya dakika chache zijazo huenda wengine wakaona afadhali nisomee ushonaji.

Sharti lilikuwa moja, likabandikwa kwa Kifaransa kwenye mlango wa kabati la chumba cha majeruhi: chukua kisanduku chenye namba ndogo kuliko vyote vilivyobaki. Usichague. Nililisoma mara nyingi, kwa sababu nilikuwa na malaria mwaka ule na mtu anayengoja sindano husoma chochote. Kwa nini usichague? Kwa sababu anayechagua huwa ana matumaini, na matumaini yakiingia kwenye hesabu, hesabu imekwisha. Nililielewa hilo vizuri. Naomba mlikumbuke, kwamba nililielewa.

Sasa, Nyamirambo ni mahali ambapo huwezi kununua nyanya mbili bila mtu kujua unapika nini. Mliamini kweli kwamba tutaishi na visanduku sitini vya siri bila kufanya uchunguzi wetu? Kila mgonjwa aliyeruhusiwa alitoka na kadi yenye namba ya kisanduku chake, ya aliyefariki walipewa jamaa zake, na njia ya kwenda nyumbani inapita kwa Gatera. Gatera akachora mstari kwa chaki kwenye ukuta wa duka lake. Kushoto akaandika namba za walio hai, kulia za waliozikwa. Ilipofika mwezi wa saba, utafiti wake ulikuwa umetoa jibu. Namba nane, kumi na mbili, kumi na nane na ishirini na nne walikuwa hai. Namba kumi na moja na kumi na saba walikuwa wamefariki. Basi dawa iko kwenye namba zinazogawanyika kwa mbili, na zile nyingine ni chumvi tupu.

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa sababu kulikuwa na wanaume wanne wamejipaka sabuni usoni: na namba tisa? Namba kumi na tano? Nao si wako hai?

"Wale hawakuumia sana," alisema Gatera.

"Ulijuaje?"

"Si walipona."

Mheshimiwa Konseye, ndugu wageni, nilicheka. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, mimi niliyepata alama tisini na moja za hisabati. Na nilipofika nyumbani nikaziandika namba zile nyuma ya daftari langu. Sijui kwa nini. Au tuseme najua.

Mwezi wa nane, Alhamisi, saa tisa alasiri, baba yangu alinunua kioo. Si kioo cha mkononi. Kilikuwa kirefu kuliko mimi, cha kuweka dukani ili mteja ajione tangu kofia hadi kiatu. Tulikibeba wawili kupanda kilima, mimi nyuma, yeye mbele. Lakini baba alikuwa na suti mpya aliyojishonea, na aligundua kwamba akigeuka na kutembea kinyumenyume atajiona mwili mzima njia nzima. Basi akatembea kinyumenyume. Alisalimia watu akijitazama. Alirekebisha kola. Nilimwambia, "Baba, mtaro." Akasema, "Naujua mtaro huu tangu hujazaliwa." Kisha akaingia ndani yake, na kioo kikamfuata.

Kipande kiliingia pajani, upande wa ndani. Wale mlioona mnajua. Ambao hamkuona, sitawaharibia brosheti.

Gatera alitoka dukani mbio na wembe mkononi, akautupa, akambeba baba yangu mgongoni kama gunia la viazi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti chake alifuata mbio vilevile, akiwa amenyolewa shavu moja tu, akavua tai yake na kuifunga juu ya jeraha. Mheshimiwa Konseye, sijawahi kupata nafasi ya kukushukuru kwa tai hiyo. Najua kwamba jioni ile uliongoza mkutano wa usalama ukiwa na ndevu upande mmoja, na kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ndani ya chumba cha majeruhi alikuwapo Mama Mukagasana peke yake. Daktari alikuwa jengo la pili akimzalisha mtu. Mnamjua Mama Mukagasana. Ni yule aliyemwambia askari aliyeingia wodini na bunduki, "Hiyo chuma iache nje, hapa vitanda vyenyewe havitoshi." Alimtazama baba mara moja tu, akaingiza ngumi kwenye jeraha, akapanda kitandani akaweka na goti juu ya ngumi. Baba akauliza kama kioo kimepona. Nikamwambia kimevunjika. Akasema nikahesabu vipande, huenda kimoja kinafaa. Halafu akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwahi kumwona baba yangu akiwa na nafasi ya kuzungumza na asizungumze.

"Wewe, binti," alisema Mama Mukagasana bila kugeuka. "Unakubali aingie kwenye jaribio? Sema ndiyo ao hapana, mimi sitakasirika."

Nikasema ndiyo. Konseye akatia sahihi kwa sababu mimi ni mtoto.

"Mikono yako iko safi?"

"Iko safi, Mama."

"Fungua kabati. Leta ile kasanduku iko mbele."

Nilifungua kabati. Mbele kulikuwa na thelathini na moja. Nyuma yake, thelathini na mbili.

Ndugu wageni waalikwa, je, mmewahi kujua jambo kwa kichwa kizima na mkono ukafanya lingine? Nilijua ukuta wa Gatera ni upuuzi. Ningeweza kuandika insha juu ya upuuzi wake, yenye utangulizi na hitimisho. Lakini nyuma yangu damu ilikuwa ikidondoka kutoka kitandani hadi sakafuni, nikiisikia, na thelathini na moja haigawanyiki kwa mbili. Nilisukuma thelathini na moja pembeni. Nikachukua thelathini na mbili.

Mama Mukagasana alikitazama kisanduku. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Vunja kichupa, jaza sindano, shika mkono wake usitingishike," akanielekeza mpaka dawa, au maji, ikaingia mshipani. Hakutoa ngumi wala goti kwa dakika arobaini. Daktari alipokuja kushona ilibidi wamsaidie kunyoosha vidole, kimoja kimoja. Nilisikia akiviambia vidole vyake kwa Kinyarwanda kwamba kazi imekwisha, vimwachie mzee wa watu.

Baba aliishi. Siku tatu baadaye alikuwa akimfundisha mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kuchagua kitambaa.

Na kuanzia wiki hiyo akawa mtu wa thelathini na mbili. Mmemsikia. Alisema damu yake sasa ina dawa ya Ulaya. Alisema mbu wakimuuma hawarudi. Gatera aliandika namba 32 upande wa kushoto kwa chaki ya rangi, akaizungushia duara. Na mimi? Niliacha kupita njia ile. Nilikuwa nazungukia kwa msikiti wa juu, dakika kumi zaidi, ili nisiuone ukuta.

Mwezi wa tisa nilikwenda nyumbani kwa Mama Mukagasana. Nilimkuta uani akimenya ndizi. Nilisimama muda mrefu hata akanipa kisu cha pili, nikamenya. Nilipomaliza ndizi sita nikasema, "Mama, ile kasanduku."

"Kasanduku gani?"

"Thelathini na mbili. Haikuwa mbele."

"Unafikiri mimi sina macho?" alisema. "Niliiona. Ningekurudisha kabatini, ungesimama pale unalia, na mimi mikono yote iko ndani ya baba yako. Ile dakika haikuwapo."

"Basi nitamwambia Daktari."

"Utamwambia halafu? Mkuu wa shule yako iko kwenye kamati ya kituo. Una mtihani wa taifa mwaka kesho kutwa. Menya ndizi."

Nikamenya ndizi. Nilifarijika, na hilo nalo naliandika hapa kwa sababu lilitokea.

Mwezi wa nne mwaka huu visanduku viliisha. Walikuja wageni wawili kutoka Ulaya, wenye mkoba mmoja wa ngozi na kofia mbili za jua, wakakaa siku tatu, wakasoma daftari la chumba cha majeruhi ukurasa kwa ukurasa. Wakakuta thelathini, kisha thelathini na mbili, kisha thelathini na moja. Wakauliza ni nani. Mama Mukagasana akasema ni yeye, alichukua bila kutazama. Muuguzi ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kusahau kopo la pamba, alichukua bila kutazama, na wakaamini. Barua ikaandikwa. Nilikwenda tena nyumbani kwake. Safari hii hakunipa hata kisu.

"Barua imekwisha andikwa," alisema. "Mzee akikosea watu wanasema amechoka, wanamuonea huruma. Mtoto akikosea wanasema ndivyo alivyo, na inamfuata. Nenda usome."

Nikaenda nikasoma. Nilifaulu vizuri sana muhula ule, Mwalimu Ntare, ulinipa zawadi ya kamusi.

Mwezi uliopita bahasha ya siri ilifunguliwa, na Daktari akabandika orodha kwenye ubao wa kituo, bila majina, namba tu, dawa au chumvi. Mkutano wa kwanza mbele ya ubao ule ulikuwa wa Gatera na chaki yake. Katika visanduku thelathini vinavyogawanyika kwa mbili, kumi na nne vilikuwa dawa na kumi na sita chumvi. Alisoma mara mbili, akarudi dukani, akaufuta ukuta kwa taulo la mteja. Gatera, sikucheki. Wewe ulikuwa na chaki. Mimi nilikuwa na alama tisini na moja, na ndimi niliyekuamini.

Na mimi nilisoma mistari miwili tu. Thelathini na moja: dawa. Thelathini na mbili: maji ya chumvi.

Baba, kaa. Tafadhali kaa, najua. Ndiyo, chumvi. Kisanduku kilichokuwa mbele, ambacho kilikuwa chako kwa zamu, kilikuwa na dawa, na mwanao akakiruka ili kukuokoa. Dawa yako aliipata dereva wa Gatsata aliyepinduka na lori siku mbili baadaye. Naye alipona akaenda zake, wala hajui kwamba mbu wangemwogopa yeye.

Je, hiyo ina maana kwamba ngumi ya Mama Mukagasana ni bora kuliko dawa? Natamani sana kusema hivyo, sherehe ingependeza. Siwezi. Mtu mmoja hathibitishi kitu. Hata sitini hawakuthibitisha. Daktari ameshatuambia kwamba baada ya miezi kumi na minne jibu ni kuwa bado hatujui, na kwamba ndiyo sababu wanataka mia sita. Wengine mlinuna. Mlitaka kuambiwa kitu. Lakini nawauliza: mia sita hao watakuwa nani? Si watu waliomo humu, nasi hatujui nani. Kuna mtu ameketi hapa na mguu mzima, ambaye mwakani atalazwa kwenye kitanda kile. Zamu ya namba ni mali yake. Mimi niliichezea, na kama kila binti angeichezea kwa ajili ya kila baba, tungekuwa na visanduku mia sita na ukuta wa Gatera.

Ninachoweza kuthibitisha ni kidogo zaidi. Nilikuwapo. Niliona muuguzi aliyekuwa na sababu ya kunipigia kelele na hakupoteza pumzi moja kwa jambo ambalo halingemsaidia mgonjwa. Niliona dakika arobaini. Nimesikia leo hotuba nne zikimsifu kwa upole wake, na nakiri nilimtazama nione kama naye anashangaa, kwa sababu upole si neno la kwanza ambalo mtu aliyechomwa sindano naye angelitumia. Msifuni kwa jambo lingine. Msifuni kwamba hakuwahi kuruka namba hata moja. Visanduku hamsini na tisa vingine alivichukua mwenyewe kwa mikono yake, vyote kwa zamu, pamoja na kile alichompa mtoto wa dada yake wa damu, namba kumi na saba, ambaye mnajua wote kwamba tulimzika. Kumi na nane kilikuwa nyuma yake kabatini. Hakukigusa. Huyo ndiye mnayempeleka kwa barua ya kutokufuata zamu.

Daktari Jean-Berchmans, nimeandika barua. Nimeiandika kwa Kifaransa kwa sababu faili halijui Kiswahili. Inasema kwamba mimi, Mugeni, binti wa Kagabo, niliagizwa nilete kisanduku kilicho mbele, nikakiruka kwa makusudi nikijua sharti; kwamba muuguzi Mukagasana hakuchagua; na kwamba naomba barua ya onyo iondolewe na hii iwekwe mahali pake. Ina nakala mbili nyingine, ya wale wageni wenye mkoba na ya Mwalimu Ntare. Chini nimeacha nafasi ya sahihi ya mpokeaji. Mwalimu, utakaloamua juu yangu nitalipokea. Kamusi nimekuja nayo, iko kwenye mfuko wangu pale kitini, kama itabidi irudi.

Mama Mukagasana, najua unavyonitazama, ndiyo maana sikutazami. Ulininyamazisha mara mbili, nami nilitii, na watu watadhani nilitii kwa heshima. Nilitii kwa sababu ilinifaa. Kisanduku nilikichukua kwa nukta moja, nikiwa na hofu, na huenda mtu akanisamehe hilo. Lakini ukimya nimeushika miezi kumi na mmoja, nikiwa nimetulia, nikila vizuri, nikipata alama nzuri. Huo ndio ninaouonea haya. Haya nyingine zote mnazozijua, za kuinamia kitabu njiani, ni ndogo.

Sikukuuliza ruhusa leo kwa sababu ungenipa kisu na ndizi.

Mheshimiwa Konseye, Daktari, Mwalimu, baba, na ninyi nyote mliovumilia kurasa sita mkiwa mmeahidiwa mmoja, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu hadi mwisho. Sasa nawaomba mlioketi kwenye ujia msogeze miguu kidogo, nifike mezani kwa Daktari. Kalamu ninayo.